Kaa wa Chini ya Mialo

Nyumbani kwetu neno kaa halikutajwa wakati wa kula. Ungeweza kusema nyoka, ungeweza kusema funza, hata habari za choo zilipita, lakini ukisema kaa baba aliacha kumega ugali na kumwangalia mama. Mama alitoka upande wa ziwani, na katika ukoo wao kaa walikuwa kitoweo. Kwa watu wa baba, wakulima wa huku Mpanda tangu enzi za babu wa babu, kaa ni mdudu wa matopeni tu. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa akija kwetu anafunua sufuria kwanza ndipo anasalimia.

Basi mama aliacha. Mimi ndiye niliyemwachisha, si baba wala shangazi. Nilikuwa darasa la nne, wenzangu walikuwa wananiita mtoto wa mla kaa, na siku moja nilirudi nyumbani nikamwambia mama mlangoni, majirani wakisikia, kwamba nikiona tena gamba la kaa kwenye jalala letu nahamia kwa shangazi. Mama hakunichapa. Alisema sawa, akaingia ndani. Nilijiona nimeshinda, na kwa miaka mingi nilisimulia kisa hicho watu wakicheka.

Sasa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Mpanda, mama wa watoto wakubwa, mdomo wangu ukiwa bado hauna breki. Mwaka jana, shule zilipokaribia kufungwa mwezi wa sita, mwalimu mkuu aliniita ofisini. Alikuwepo binti mmoja mwembamba aliyejifunga mtandio vizuri, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyetoka pwani kuja kufanya utafiti wake. Alitaka mtu anayekijua kijito kinachoshuka kutoka vilimani na kupita kwenye mialo, na anayeweza kuelewana na wachimbaji. Shamba la baba liko chini ya mialo hiyo na mama anaishi pale mpaka leo, kwa hiyo jina langu ndilo lililotajwa. Nilikubali haraka, kwa sababu likizo hunichosha kuliko kazi. Nikamuuliza utafiti wenyewe ni wa nini. Akasema ni wa kaa.

Nilicheka. Nilidhani mwalimu mkuu amemweleza habari za kwetu na wananitania. Binti yule akanitazama kwa adabu, akasubiri nimalize kucheka, kisha akanieleza. Kule kwao alikuwa amefanya kazi ya kuwachunguza kaa wadogo kwenye mikoko iliyojaa maji machafu na mafuta ya mji. Sasa alitaka kujua kaa wa maji baridi wanaishije mahali pachafu kwa namna nyingine. Wako wangapi, wakubwa kwa wadogo, madume kwa majike, na kama wanazaa. Aliongea Kiswahili kile cha kwao kilichonyooka, na kila sentensi ilianza na "mwalimu". Nikaona aibu kukataa kitu nilichokwisha kukubali.

Kwa wasiojua, mwalo ni mahali pa kuchenjulia dhahabu. Mawe yanasagwa kwenye karasha mpaka yanakuwa unga, unga unaoshwa, kisha unachanganywa na zebaki ili ishike dhahabu. Dhahabu inabaki na mwenyewe. Matope yanakwenda na maji, na maji ya kwetu yanakwenda kijitoni. Hilo kila mtu analijua na hakuna aliyewahi kukosa usingizi kwa ajili yake.

Jumapili ya kwanza nilikwenda kwa mama baada ya misa kama kawaida yangu. Binti yangu mkubwa alikuwa pale. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, ametoka Sibwesa kwa mumewe kuja kujifungulia kwetu, maana uzazi wa kwanza kwetu hauanziwi ugenini. Mimi napanga vyumba viwili mjini, kelele mtindo mmoja, kwa hiyo tuliona akae kwa bibi yake mpaka siku zikaribie. Nilimkuta amenawiri. Mama akaniuliza likizo hii nafanya nini. Nikamwambia kuna binti wa chuo, tunapima maji ya kijito.

Uongo wenyewe ulitoka laini kabisa. Kwa kweli maji tuliyapima kidogo, kwa hiyo hata sikujihesabu kuwa nimedanganya. Wachimbaji nao niliwaambia hivyo hivyo, tukaitwa wapima maji, na jina likakaa. Mwanamke wa umri wangu, mwalimu, mwenyekiti wa jumuiya, ningeanzia wapi kusema nashinda matopeni nashika kaa? Na mbele ya mama? Ningekuwa nimejipaka tope mwenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulikuwa na madimbwi mawili. La juu liko kabla hujafika kwenye mialo, maji yanatoka vilimani, unaona mpaka chini. La chini liko nyuma ya matete, baada ya mialo, maji yake rangi ya chai ya maziwa. Asubuhi tulitega makopo yenye utumbo wa kuku, tukageuza mawe, tukawakamata kaa mmoja mmoja. Binti alimpima kila kaa upana wa gamba, kisha akampindua. Dume ana mkia mwembamba uliokunjwa tumboni, jike mkia wake ni mpana. Halafu mimi nilimpaka tone la rangi ya kucha mgongoni, nyekundu kwa wa juu, buluu kwa wa chini, tukamwachia hapo hapo tulipomtoa. Tukirudi siku nyingine tunaangalia kati ya tuliowashika wangapi wana rangi. Ukiwakuta wengi wenye rangi, ujue dimbwi lina kaa wachache na ni wale wale. Ukiwakuta wachache, ama wako wengi mno, ama uliowapaka wamekufa.

Siku za mwanzo niliwashika kwa kutumia mfuko wa nailoni mkononi. Yule binti hakunisema. Siku moja akampindua jike wa dimbwi la juu akaniita. Chini ya ule mkia mpana kulikuwa na watoto, wadogo mno, wamejazana, kila mmoja kaa kamili na magando yake. Akaniambia kaa wa baharini huyaachia mayai yao yapasuke majini, watoto wanachukuliwa na maji, na mikoko ya mahali pamoja ikiharibika bahari inaweza kuleta wengine kutoka kwingine. Huyu wa maji baridi hana bahari. Anawabeba mwenyewe mpaka wajue kutembea. "Kwa hiyo huku, mwalimu, dimbwi likifa limekufa," akasema. Tulimrudisha yule jike taratibu. Tangu siku hiyo mfuko wa nailoni niliuacha, ingawa sikumwambia mtu.

Lakini nyuma, siku ya kwanza kabisa ya kazi, kabla ya mfuko na kabla ya majike, kuna jambo jingine alilosema. Tulikuwa tunatega dimbwi la chini akasema amekumbuka kwao, kaa wa kuungwa kwa nazi, jinsi mama yake anavyowapika wakija wageni. Wageni! Nilimuuliza kama anasema kweli. Akasema kaa ni chakula cha heshima, ila hawa wa hapa chini asingewagusa hata kwa njaa. Zebaki inakaa kwenye tope, kaa anakula tope, zebaki inabaki kwenye nyama yake na haitoki hata umchemshe vipi. Akasema mtu mzima huenda asione kitu kwa muda mrefu, lakini mjamzito ni hatari, kwa sababu inapita mpaka kwa mtoto na kumharibu ubongo. Nikamjibu kwamba asiwe na wasiwasi, huku kwetu hakuna anayekula wadudu hao. Nililisema kwa fahari. Nalikumbuka neno kwa neno.

Wiki zilivyokwenda, dimbwi la juu lilikuwa na kila rika, wakubwa, wa kati, wadogo kama punje ya mahindi. La chini lilikuwa na wakubwa wachache, majike wenye watoto hawaonekani. Hilo yule binti alilitegemea. Lililomsumbua ni wale wenye rangi. Wekundu wa juu tulikuwa tunakutana nao kila mara, mpaka nilikuwa na mmoja mwenye gando moja niliyemzoea. Wa buluu walipotea. Tunapaka leo, tukirudi hawapo, tunapaka wengine, nao hawapo. Na waliopotea ni wale wakubwa, ambao ndio wenye uwezo wa kuvumilia. Alikaa juu ya jiwe anawaza. Mwishowe akasema basi, sumu imezidi, wanakufa, na maiti zinachukuliwa na maji au ndege. Nilimwonea huruma. Nikamwambia ndivyo ilivyo, mialo haina huruma.

Kila Jumapili nilikuwa kwa mama. Nilikunywa chai, nilimkagua binti yangu miguu kama imevimba, nikaondoka. Mama alikuwa mchangamfu ambavyo sijawahi kumwona tangu baba afariki. Alikuwa na mtu wa kumlea. Nilipomsifu binti kwa afya yake, wote wawili waliangaliana wakatabasamu, nami nikadhani ni mambo ya bibi na mjukuu.

Jumapili yenyewe sasa. Akina mama wawili wa jumuiya walinisindikiza kutoka kanisani, tulikuwa tunajadili michango ya msiba, wakaona wapumzike kidogo barazani kwa mama kabla ya kuendelea. Nilikuwa nimebeba sukari na mchele uliotoka kijiji cha Mamba. Nikapitia nyuma ili nitue mzigo jikoni. Pale kwenye rundo la majivu kuku walikuwa wanachakura, na mmoja akakurupuka na kitu mdomoni, wenzake wakamfukuza, akakiangusha mbele ya miguu yangu. Lilikuwa gamba la kaa. Mgongoni lina tone la buluu.

Nililiokota. Mimi nikipaka rangi huwa nanyanyua brashi vibaya, tone linabaki na kijimkia upande mmoja. Yule binti alikuwa akinitania kwa hilo. Gamba lile lilikuwa na kijimkia chake. Hakuna mtu mwingine duniani aliyepaka lile gamba.

Niliingia jikoni. Mama alikuwa amechutama mbele ya mafiga na mwiko mkononi, na binti yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, bakuli la mchuzi juu ya tumbo lake. Nilikuwa najua kila kitu ambacho mtu anatakiwa kukijua wakati ule. Zebaki, mtoto, ubongo, yote nilikuwa nayo kichwani, nimeelezwa na msomi. Kilichotoka mdomoni ni hiki:

"Mama, bado unakula wadudu? Na mwanangu unamlisha?"

Nilipaza sauti. Barazani mazungumzo yakakatika, halafu akina mama wale wakaanza kuongea kwa nguvu kuhusu bei ya mafuta ya kula, kama watu wenye adabu wanavyofanya. Nilikuwa nimemwaga mtama kwenye kuku wengi. Mama alinyanyuka taratibu, akishika goti. Akamwondolea mjukuu wake bakuli, akatoka nalo nje, akalimwaga kwenye majivu. Aliporudi hakuniangalia. Akasema, "Nisamehe, mwanangu."

Mama yangu mzazi. Mwanamke wa umri ule ananiomba msamaha jikoni kwake, mbele ya mjukuu, kwa kosa la kupika. Hapo ndipo nikakumbuka zebaki. Nikaanza kueleza, naongea haraka, kwamba hawa kaa wa chini ya mialo wana sumu, kwamba ni hatari kwa mimba, kwamba yule binti wa chuo ndiye aliyesema. Mama akawa anaitikia kila neno kwa kichwa. Ndiyo. Sawa. Sitarudia. Miaka yote nimefundisha naijua hiyo "sitarudia". Ndivyo mtoto anavyosema akitaka fimbo iishe, hata hajasikia kosa lake ni lipi.

Binti yangu alinifuata mpaka njiani, tumbo lake mbele, hasira zimemjaa. Yeye huwa mpole, ametoka kwa baba yake. Aliniambia kwamba bibi hajala hata kipande kimoja. Wote alikuwa anampa yeye. Anatoka jioni wachimbaji wakishaondoka, anavua kwenye matete kwa mikono, anarudi amelowa mpaka kiunoni. Kwamba katika ukoo wao mwanamke mwenye mimba lazima ale kaa ili mtoto awe na mifupa, na kwamba bibi alikula hivyo kwa siri katika mimba zake zote, hata ile yangu mimi. Rangi ya buluu waliiona, wakasema labda watoto wa wachimbaji wanachezea. Kisha akaniambia lile lililonifanya nisilale. "Hayo ya sumu bibi hajayaamini, mama. Anasema umetafuta sababu ya kisomi. Hata mimi siyaamini."

Nikaelewa nilichokifanya. Ningetaja sumu kwanza, mama angesikia sumu. Nilitaja wadudu kwanza, basi kila kilichofuata kilikuwa kile kile cha mlangoni nikiwa darasa la nne, ila safari hii kimevaa miwani. Angeendelea kumlisha. Angefanya kwa siri zaidi, angefukia magamba, na binti angekula kwa kumhurumia bibi yake. Na mimi nisingekuwa na gamba lolote la kuniambia.

Kesho yake nilimwendea yule mwanafunzi kijitoni. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakanipotea. Nikamwambia tu kwamba kaa wake wa buluu hawakufa, wameliwa, na aliyewavua ni mama yangu. Nilitegemea ahuzunikie kazi yake ya wiki zote zile. Hakuiuliza. Aliuliza aliyekula ni nani, na kama ana mimba. Nilipomjibu alikaa chini. Akauliza ilikuwaje, maana siku ya kwanza nilimwambia huku hawaliwi, na mama anaishi hatua chache tu kutoka pale, na kila Jumapili niko kwake. Nikamwambia mama anajua tunapima maji. Akasema, bila ukali, "Mficha uchi hazai, mwalimu." Ni methali ninayowafundisha darasa la sita.

Nilimwambia shida yangu si kueleza, shida ni kwamba sisadikiki. Akafikiri, akauliza kama mama akiletewa kaa wa juu, mbali zaidi ya dimbwi letu, atawapika. Huko juu hakuna mialo. Hawezi kuapa kwamba ni wasafi kama maji ya mbinguni, lakini kama kuna kaa wa kuliwa kwenye kijito hiki ni hao. Tukapanda wote wawili. Tulivua mpaka jua likawa kali, yeye akiwarudisha majike wote wenye watoto, mimi nikijaza ndoo.

Ipo njia ya kuzunguka nyuma ya mashamba ambayo hakuna anayekuona. Sikuipita. Nilishuka katikati ya mialo na ndoo yangu bila kifuniko, kaa wanakwaruza plastiki, wachimbaji wananisalimia mpima maji. Nikapita kwa shangazi. Siku hizi hatoki, anakaa barazani kwenye kiti, macho yangali makali. Nikamwamkia. Akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia ni kaa, nampelekea mama, tunakwenda kula. Akasema "Mh," akageuka upande wa pili. Miaka yote ile niliyomwogopa, kumbe mwisho wake ulikuwa ni "mh" tu. Hata hilo liliniongezea aibu.

Mama alipoiona ndoo alidhani nimemletea ushahidi. Aliniambia ameshasema hatarudia. Nikaketi chini jikoni, kwenye sakafu, nikamwomba anifundishe kuwapika. Alikataa. Akasema mimi siwezi, nitatapika, niache kujitesa. Nilimwambia nitakaa hapo mpaka giza. Binti yangu alikuwa mlangoni amekunja mikono.

Basi mama akachukua kisu. Alionyesha bila kuniangalia. Unavunja hapa, unatoa hivi vya kijivu pembeni kwa sababu ni vichungu, magando unayagonga kidogo ili chumvi iingie. Kitunguu, nyanya, ndimu mwishoni. Mikono yake ilikuwa na haraka ambayo sikuijua, mikono ya msichana wa ziwani. Nikala. Ningependa kusema walikuwa wabaya, ingenisaidia kidogo. Walikuwa watamu. Nilikula machozi yananitoka, nikalamba vidole, nikaongezwa. Mama naye akala, mbele yangu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na alikula polepole sana.

Binti yangu hatukumpa, nilikataa. Hapo ndipo mama aliponiangalia usoni. Akaona kwamba nimekula mwenyewe na bado namkatalia mtoto, akajua lipo jambo. Akauliza wa chini wana nini. Nikamweleza kama ninavyoeleza darasani, tope, kaa, nyama, mama, mtoto. Akauliza ukichemsha sana je. Nikasema hapana. Ukiweka ndimu nyingi? Hapana. Ukimwosha kwa maji ya moto kwanza? Hapana, mama. Akaacha kuuliza. Akafunika sufuria, akakaa akiutazama mkono wake.

Tulikwenda kliniki wote watatu. Nesi alisikiliza, akasema kilichokwisha kuingia hawana dawa ya kukitoa, ila tulichofanya cha maana ni kuacha, na mtoto akizaliwa tumlete, asikose. Mama aliisikia ile "hawana dawa" akainama. Njia nzima ya kurudi alimshika mjukuu wake kiwiko, kana kwamba ndiye anayeweza kuanguka.

Yule mwanafunzi alimaliza kazi yake akaondoka kwenda kuandika. Aliniahidi kwamba ataandika kaa wa dimbwi la chini wanapungua kwa sababu mbili, uchafu na kuvuliwa, na kwamba mvuvi hatatajwa. Alipokuja kuaga alileta nazi kutoka kwenye mizigo yake akampa mama, wakaongea kaa kwa muda mrefu, wanacheka, mimi nikiwa naosha vyombo. Sikumbuki kama mimi na mama tumewahi kucheka hivyo.

Mtoto amezaliwa, wa kike, analia vizuri, ananyonya. Kliniki wanampima na kusema anaendelea, tuendelee kumleta. Hakuna anayeweza kutuambia zaidi ya hapo. Akichelewa kugeuza shingo tukimwita, jikoni kila mtu ananyamaza mpaka ageuze.

Mama hakuuliza chochote siku zile zote. Aliuliza mtoto alipokuwa na wiki chache, asubuhi moja, anamwogesha kwenye beseni na mimi nimeshika taulo. Hakuwa na hasira. Alikuwa anamwagia maji kwa kiganja, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Ulijua lini kwamba wale kaa wana sumu?"

Ningeweza kumdanganya, maana asingejua. Nikamwambia nilijua siku ya kwanza ya kazi, mwanzo wa likizo.

Akamgeuza mtoto, akamwosha mgongo. "Na Jumapili zote zile ulikuwa unakuja hapa," akasema, "unakunywa chai."

Nilisema ndiyo. Akanyoosha mikono nimpe taulo.